Baba, Mbwa Wako Amechanjwa

Baba,

Yule mtoto wa mbwa uliyemwagiza Ribe amefika.

Mzee Chengo hakuwa na habari. Alikuja kwa miguu mpaka Mikindani, kikapu begani, akapiga hodi kwa sauti ya furaha: "Jefwa! Njoo uchukue mali yako!" Mama akatoka na leso yake nyeusi. Mzee wa watu alimtazama, akaelewa, akakaa chini palepale mlangoni akalia. Mtoto wa mbwa akatoa kichwa kikapuni, naye akalia. Mama, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kunyamaza, akaanza upya, na mimi nikamfuata. Tulilia wanne, Baba.

Tulipotulia, Mama alifuta uso akasema, "Haya, mchukue urudi naye." Mzee Chengo akakataa katakata. Mbwa aliyeombwa na marehemu harudishwi, alisema, utakuja kumdai ndotoni. Akanywa chai, akala muhogo, akaondoka na kikapu kitupu.

"Mtu anakufa, ananiachia mbwa!" Mama alisema. Alilisema siku hiyo, akalirudia kesho yake, na hata kanisani alimwambia mke wa mchungaji.

Lakini ungemsikia sasa. Kutwa anagombana na mbwa. "Umetoka wapi na miguu hiyo?" "Chakula kimepoa, wewe unazurura tu!" "Usinitazame hivyo, mimi sidanganyiki." Mama Riziki, jirani yetu, aliyasikia hayo kutoka upande wa pili wa ua, akaja mbio, akamshika Mama mkono na kumwuliza taratibu kama usiku anapata usingizi. Maneno yale yote alikuwa anayajua, na alijua zamani yalikuwa yakiambiwa nani.

Sasa nikupe jambo lenyewe. Kichaa cha mbwa kimeingia Jomvu. Mbwa mmoja asiyejulikana wa nani alipita huku akamng'ata mbuzi wa Mama Riziki. Baada ya muda yule mbuzi akageuka, povu mdomoni, akawa anawafukuza watu njiani, mpaka askari akaja kumpiga risasi. Mzee wa mtaa akapita akitangaza: Jumamosi kila mwenye mbwa ampeleke kiwanja cha stesheni, Changamwe, akadungwe sindano ya kinga. Mbwa atakayeonekana anarandaranda bila kuchanjwa, naye ni risasi.

Nyumba ikagawanyika. Ndugu yako, Baba Mdogo Kalume, alifika kabla hata sijamaliza kumweleza Mama.

"Shemeji, usikubali," akasema. "Serikali imeanza lini kuwahurumia mbwa? Wanadungwa dawa ya kuipenda serikali. Mbwa aliyedungwa hambwekei askari tena."

Wajua linalomsumbua. Bado anagema, na wale mbwa wake wawili ndio wanaomwarifu askari akitokea njiani, ili mitungi ya tembo ipate kuingia vichakani.

"Na isitoshe," akasema, "mbwa wa jirani yangu Mwaka alidungwa mwaka jana, akafa."

"Alikufa kwa nini?" nikamwuliza.

"Alikanyagwa na gari la moshi."

"Sasa sindano imeingiaje hapo, Baba Mdogo?"

"Kabla ya sindano alikuwa hakanyagwi."

Yeye alikuwa na kinga yake mwenyewe: kukata ncha ya mkia, kumlisha tumbaku, na kumpaka pilipili puani ili awe mkali. Mama alikuwa akimenya muhogo. Na mimi, Baba, niliyekuwa nikijifanya mjuzi, hofu ilikuwa imenishika. Mbwa mwenyewe mdogo, amelala mzima ndani ya kiatu chako cha kazi, kile cha reli, pua tu inaonekana. Nilijiuliza sindano itapita wapi. Akifa mikononi mwangu, nitamwambia nini Mama? Nikimwacha, na mbwa mwingine kama yule akapita tena?

Mama akaweka kisu chini. "Jefwa alikimbia sindano," akasema.



Unakumbuka mwenyewe. Kichomi kilipokupata, dresa wa zahanati alikuja na mkoba wake wa sindano, ukatokea mlango wa nyuma, ukajificha kibanda cha kuku. Alipokwisha kwenda zake ukatoka na manyoya kichwani, na tulicheka, wewe ukicheka zaidi ya sote, ukikohoa. Tulicheka mno, Baba. Hatukujua...

Basi.

Mama akasema, "Yule alinikimbia. Huyu hanikimbii." Akachukua kisu akaendelea na muhogo wake. Shauri likawa limekwisha.

Jumamosi alivaa nguo za kanisani. Nikamwambia tunampeleka mbwa, si harusini. Akaniambia kwa watu humpeleki mbwa wa marehemu ukiwa umevaa matambara. Baba Mdogo akatufuata nyuma, ati anakwenda kutazama tu.

Kiwanja kizima kilikuwa kelele. Mbwa wa watu wa reli, mbwa wa mashamba, kamba zimesokotana, wenyewe wanagombana kuliko mbwa. Bwana mifugo alikuwa kijana wa bara, kaptura yake imepigwa pasi ikasimama.

"Mama, hii mbwa iko na miezi ngapi?"

"Huyu mbwa ana miezi mingapi," Mama akamsahihisha.

"Ndiyo. Iko na ngapi?"

"Sema vizuri, mwanangu, nami nitakujibu vizuri."

Watu kwenye mstari wakaanza kucheka. Kijana akafikiri kidogo, akasema polepole, kama anayevuka mto juu ya gogo: "Huyu mbwa... ana miezi... mingapi?"

"Sijui," Mama akasema.

Kijana akamfungua mbwa kinywa, akatazama meno, akasema ametosha kuchanjwa. Kisha akambonyeza tumbo. Baba, lile tumbo Mama alikuwa akiwaonyesha watu kama ushahidi wa mapishi yake. "Ameshiba," Mama akasema. "Minyoo, mama," kijana akajibu, akampa unga wa dawa kwenye karatasi. Mama aliupokea kama aliyetukanwa.

"Sasa mtu mmoja amushike miguu ya nyuma."

Mimi nilikuwa nimeshika kichwa. Baba Mdogo akajitokeza, akasema hii ni kazi ya wanaume. Akashika. Sindano ikatoka, ikainuliwa juu, ikaingia. Mtoto wa mbwa alipiga chafya, basi. Nikasikia kishindo. Ndugu yako alikuwa chini kama gunia la makaa, kofia kule, yeye huku. Ilibidi amwagiwe ndoo ya maji waliyowekewa mbwa. Kumbe hili ni la ukoo mzima.

Tukarudi, mbwa ndani ya kikapu cha Mama cha sokoni, Baba Mdogo akichechemea, akilaumu jua. Karibu na njia panda ya Mikindani akatokea askari juu ya baiskeli. Baba Mdogo akasimama, akamkodolea macho mtoto wa mbwa. Yule akatulia. Akanusa. Kisha akaruka kutoka kikapuni, akambwekea yule askari kwa sauti ambayo hatukujua anayo, akamfukuza mpaka baiskeli ikaingia mtaroni.

"Dawa nzuri hii!" Baba Mdogo akapaza sauti. Akaenda mbio kwake kuwachukua wale wawili. Safari hii, walipodungwa, aliwashika akiwa amefumba macho.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni la Jumatatu. Nilimkuta Mama amekwisha kuvaa, amekaa kizingitini. Akasema kule kwa dresa wanachanja watu ndui, twende. Nikamwuliza tangu lini anataka sindano. Akasema, "Twende kabla sijabadili nia."

Alinyoosha mkono, akageuza uso upande wa pili, akanishika kwa mkono mwingine mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Ilipokwisha alimwuliza dresa, "Ni hiki tu?" Dresa akasema ni hiki tu. Mama akakaa pale kitini, hakuinuka. "Ni hiki tu, Jefwa," akasema, si kwa dresa wala kwangu. Kisha tukaenda sokoni kununua samaki.

Baba, sikulaumu. Pumzika, usituhofie. Mama nitampeleka kwa dresa kila atakapokohoa, akitaka asitake, na kibanda cha kuku nimekitia kufuli.

Mwanao,
Dama