Kisanduku Kilichoita Mpaka Kikafa

Rama,

Sikuandikii ili nilie. Nililia vya kutosha kwenye matanga yako, hata mkeo Zaituni akanikemea: "Papa, inatosha, utatuzamisha." Ninakuandikia kwa sababu nimekosa, na hapa Kisangani ni wewe tu ambaye ungenicheka usoni kabla ya kunisamehe.

Niliharibu kisanduku chako.

Acha nikieleze kama nilivyokielewa, uone kwamba nilikuwa nakusikiliza. Kinakaa ndani ya boksi la baridi la chanjo, kinateremka mto kwa baleinière, boti ile ya mbao, mpaka Basoko. Kila robo saa kinaamka, kinapima joto, kinaandika, kinalala tena. Hakisemi na mtu. Wakifika Isangi, Papa Bosco, nahodha, anabonyeza kitufe, nacho kinatuma ujumbe mmoja. Wakifika Basoko, anabonyeza tena. Basi. Betri moja ndogo, safari nzima. Wale waliotuletea vifaa vya fahari kutoka mbali walidhani kila ukuta wa mkoa wetu wa Tshopo una umeme. Vyao vikazimika njiani, wakatulaumu sisi. Mimi niliwatukana gazetini. Wewe ulichukua mita yako ya njano ya kupimia umeme, ukapima.

Nakumbuka ulivyonishikisha waya mmoja wa mita. "Nyamaza, miye napima." Nikakuuliza kwa nini kisitume habari njiani, kila robo saa, tuwe na ushahidi. Ukacheka mpaka ukaweka kisu cha kazi mezani. "Weye, ndugu, kama ungekuwa mashini, batterie yako ingekufia hapa tu Lubunga!" Lubunga, ng'ambo ya mto tu, tunayoiona kutoka mlangoni pako.

Kisha ukafa. Na mimi nikaanza kukusahihisha.

Sikumwamini Bosco. Nilikuwa nimekwisha kutunga makala kichwani: nani anaacha boksi juani, nani analifungua ili apoze bia yake. Nilitaka kisanduku kiwe shahidi wangu. Nikampata fundi, akabadilisha maagizo ya kisanduku: kiseme chenyewe, kila robo saa, bila kidole cha mtu. Kilisema vizuri saa chache za kwanza, halafu kimya. Nikafurahi, Rama. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema nimemkamata mzee, amekizima. Nikakaa kuandika.

Mama Odette, muuguzi wa kituo kule karibu na Basoko, ndiye aliyenipigia. Akina mama walikuwa kwenye mabenchi tangu alfajiri, watoto mgongoni. Nikaanza kumweleza habari za Bosco na makala yangu. Akanikata. "Papa, kuandika joto kumekatika katikati ya mto. Miye nitachanja batoto na nini? Na gazeti yako?"

Chanjo isiyo na kumbukumbu ya joto haichomwi. Odette alisema barafu ilikuwa bado nzima, Bosco alikuwa amelifunika boksi kwa gunia la maji njia yote. Huenda chanjo ilikuwa nzuri. Huenda! Akazitupa chanjo zote, akawarudisha akina mama nyumbani. Wengine walikuwa wamevuka mto Aruwimi kwa pirogi, mitumbwi ya gogo.

Kisanduku kiliporudi, Zaituni alinipa mita yako bila kuniuliza. Nikaunganisha ulivyonionyesha, mita katikati ya betri mpya na kisanduku. Kilipolala, namba zilikaribia sifuri. Kilipoamka kupima, zikapanda kidogo, zikashuka. Ndipo nikang'oa antena, kisipate mtandao, kama pale katikati ya mto. Namba zikaruka. Zikakataa kushuka. Kilikuwa kinatafuta mnara wa simu usiokuwepo: kinaita, hakijibiwi, kinaita kwa nguvu zaidi. Hakuna aliyekizima. Kilijimaliza kwa kuita, kwa amri yangu.

Umri huu wote, na ilibidi nijione ndani ya kisanduku.

Juzi boksi lingine limeondoka. Nilirudisha maagizo yako yote, nikapima mara tatu. Bosco nilimwomba radhi bandarini, mbele ya wapakiaji. "Eeh, mutu ya gazeti anaomba pardon?" akasema. "Batoto, mufunge mizigo vizuri, leo mvua itanyesha kwenda juu!"

Isangi walipaswa kufika leo asubuhi. Sasa ni mchana. Simu iko hapa, kando ya karatasi hii. Mara tatu nimeishika nimpigie Bosco, mara tatu nimeirudisha. Wewe uliwezaje kukaa hivi? Kisanduku kilicholala na kisanduku kilichokufa, kwa mtu aliye mbali, kimya chao ni kimoja. Na Odette amewaambia akina mama wale wale warudi. Safari hii wakigeuzwa, hawaji tena. Hata mimi nisingekuja.

Ngoja.

Isangi. Ujumbe mmoja tu: joto salama tangu bandarini, betri karibu nzima. Kidole cha Bosco, Rama. Kile kidole nilichokataa kukiamini.

Bado Basoko.

Ile makala nimeichana. Nitaandika nyingine, na mkosaji atakuwa na jina langu, lote, bila kufupisha. Tena sitagusa kazi ya mikono yako kabla sijaipima. Pumzika, ndugu yangu. Mita nitamrudishia Zaituni mtoto wa kwanza akishachomwa sindano. Mpaka hapo simpigii mtu. Nimekaa, nimenyamaza, kama ulivyotaka siku ile.