Gome la Muthiga kutoka Kabazi

Jumatatu, 12 Mei
Viazi tena. Nimemenya, nikasaga na maji baridi, nikachuja kwa kitambaa. Mikono inanuka shamba. Ndani ya maji hayo kuna kimeng'enya changu: kikikutana na fenoli, kemikali za mmea ninazodhani ndizo dawa, maji yanageuka kahawia na mashine inasoma ukali wa rangi. Leo gome la muthiga alilonikaushia Cucu, bibi yangu wa Kabazi, lile tunalotafuna kifua kikibana, limegeuka upesi kuliko mimea yote niliyopima. Daktari, msimamizi wangu, amefurahi hadi akaninunulia chai. Ijumaa nasimama mbele ya jopo kutetea shahada. Nimeshaongezewa muda mara mbili. Anasema sitapewa tena.

Jumanne, 13 Mei
Nimepima gome la pili. Mti uleule, ila hili nililikata mwenyewe na kulikausha hapa maabara. Rangi hafifu. Nimerudia. Hafifu.

Mti mmoja, majibu mawili.

Jumatano, 14 Mei
Nimelaumu viazi, nikanunua vingine sokoni. Nimelaumu mashine, chupa, hata stima. Gome la Cucu bado linang'ara, langu bado limelala. Nimemwambia Daktari. Hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Hiyo ya pili achana nayo. Peleka ile nzuri, umalize shule."

Nimemchukia. Halafu nimefika nyumbani, mtaa wa Section 58, nikavua viatu, nikajikuta nataka kumtii. Hilo limeniudhi zaidi.

Alhamisi, 15 Mei
Kabazi asubuhi. Mvua, tope hadi ndani ya soksi. Nimemwambia Cucu nimekuja kumsalimia tu. Uongo. Jikoni nikainua macho. Juu ya moto, kwenye itara, ile dari ya fito anapoweka kuni na mahindi ya mbegu, magome mengine ya muthiga yamepangwa kwa mstari. Meusi kwa moshi.

"Si uliniambia mvua isiliguse?" akauliza.

Ni kweli. Hilo tu ndilo nililomwambia. Moshi sikuufikiria, na nimekulia ndani yake.

Moshi wa kuni una fenoli zake. Nimeshuka mbio hadi maabara na gunzi la mahindi kutoka itara ileile. Gunzi tupu, halitibu hata mafua. Nimelisaga, nikalipima. Maji yamegeuka kahawia, karibu sawa na dawa yangu.

Nimecheka peke yangu, kisha nimelia. Nilichokuwa napima ni jiko la Cucu.

Ijumaa, 16 Mei
Nimepeleka magome yote mawili. Na gunzi. Daktari hakuniangalia hata mara moja.

"Sasa madam, hiyo gunzi pia ni dawa?" mmoja wa jopo akauliza. Wakacheka. Mimi hapana.

Sijapita. Sijafukuzwa. Nirudie magome yote, nieleze kila moja limekauka wapi na vipi. Hadi Agosti, na hiyo ndiyo ya mwisho kabisa.

Nina hasira na Daktari. Nina hasira na aliyecheka kwanza. Nimelala na nguo za kutetea.

Jumapili, 18 Mei
Nimempigia Cucu, nikamweleza habari ya moshi. Nimemwomba magome mapya, yakauke mbali na jiko. Nikaogopa nimemuumiza. Akasema sawa.

Jumamosi, 24 Mei
Kabazi. Itara ina kuni tu. Cucu amenishika mkono, akanipeleka chumbani kwake. Dirisha wazi. Kitandani shuka safi, ile ya wageni, na juu yake magome ya muthiga, hakuna linalogusa jingine.

"Hapa moshi haufiki," amesema.

Nimemuuliza analala wapi. Amesema tunywe chai kwanza. Sebuleni, kwenye kochi, blanketi lake limekunjwa.

Tumekunywa chai. Kisha tumerudi chumbani, yeye upande wake wa kitanda, mimi wangu, tukageuza magome moja moja.