Mtoto wa Kiboko Halii Tena

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Kaka,

Kuna kilio cha mtoto mchanga ambacho hakijanitoka masikioni tangu wiki iliyopita, na mtoto mwenyewe ni mimi. Unakijua. Ni kile cha ndani ya pango la hadithi la bustani ya michezo, pale treni ndogo ilipokuwa ikikata kona ya tatu na taa ya buluu ikimwakia yule kiboko wa saruji.

Hujambo lakini? Wifi hajambo? Yule mdogo kifua kimepona? Sisi huku wazima wa mwili. Mama anakula vizuri, kidonda cha upasuaji wa koo kimekauka, na daktari amemruhusu kupanda ngazi. Hayo ndiyo mema. Sasa nisikilize, na usinikatize kama unavyonikatiza kwenye simu.

Ile bustani ya michezo imefunguliwa upya. Walibandika mabango kila ukuta: "Rudi Utotoni". Mama wakamletea kadi, akae behewa la mbele, kwa kuwa ndiye aliyeisimulia ile hadithi. Gauni lake alilipiga pasi mara mbili. Unajua alivyo, hajawahi kujiita msimuliaji. Alikuwa muuza tiketi, siku ya kurekodi msomaji aliyekodiwa hakutokea, akaambiwa keti hapa mama, soma. Nami nikiwa mgongoni. Nikaangua kilio pale kiboko anapomtafuta mwanawe, yeye akasema "haya, haya, nipo," akaendelea kusoma. Wakauacha ukanda vilevile. Watoto wa mji mzima wakakua wakiamini kwamba mtoto wa kiboko analia na mama yake anambembeleza. Wewe ulikuwa unawatoza wenzako pipi ndipo uwaambie siri.

Basi tukapanda. Giza lilikuwa lile lile, na harufu ile ile ya saruji mbichi, nikajikuta natabasamu peke yangu kama mjinga. Nyuma yetu mababa wazima walikuwa wamekunja magoti hadi kidevuni, watoto wamewapakata. Taa ya kwanza ikawaka, kobe na kikapu chake. Ikasikika sauti ya binti nisiyemjua, laini kama tangazo la sabuni, muziki ukipita chini yake. Mama akanishika mkono. Kona ya tatu, kiboko kapakwa rangi mpya, meno yanang'aa, na hakuna kilio.

"Mbona mtoto halii?" mwanamume mmoja akauliza.

"Kakua huyo. Kaoa," mwenzake akajibu, behewa zima likacheka.

"Hapana bwana, hii siyo yenyewe. Mwanangu nimemleta asikie kile kilio."

Mama hakucheka. Tuliposhuka aliandika kwenye simu yake akanionyesha: "Huyu binti anasoma kama anafukuzwa na mbwa."

Nikaenda kwa meneja, Mama yuko ubavuni kwangu. Meneja akaniuliza mimi, "Mama amefurahi?" Nikamwambia muulize mwenyewe, huyu hapa. Akatabasamu kana kwamba nimetania. Akaeleza kuwa hawakutaka kubadilisha sauti kimyakimya, wanaiheshimu familia. "Ila mama yenu haongei, sasa tungemuuliza vipi? Tukampigia kaka yenu mkubwa. Akasema sawa, hayo ya zamani tupeni tu."

Hayo ya zamani!

Fundi umeme wa pale alitupeleka nyuma ya pango. Mahali pa ile mashine iliyokuwa ikicheza ukanda wa Mama pamebaki misumari minne ukutani. Mashine na ukanda wake viliondoka na lori la taka. "Mama, nisamehe, nilijua mnayo nakala nyumbani," alimwambia, na ndiye mtu pekee siku ile aliyeongea na Mama. Nakala hatuna. Nani huweka nakala ya sauti ya mtu anayemgombeza jikoni kila siku?

Nilipokupigia ukasema, "Aa, mdogo wangu, mambo ya kitoto hayo, mbona unayakuza?" Nikakata simu, kwa sababu ningekutukana na wewe ni mkubwa wangu. Nakujibu sasa. Ile ilikuwa sauti ya mwisho ya Mama iliyobaki duniani. Wanao hawatamsikia bibi yao akitamka hata neno moja. Na hilo ningelimeza, vitu hupotea. Nisiloweza kumeza ni kwamba siku ile Mama alikuwa hapa anamenya viazi, simu iko mfukoni, huku wewe uliye mbali ukitoa ruhusa ya koo lake. Hana sauti, Kaka. Masikio anayo, akili anayo, na kidole cha kuandika "hapana" anacho.

Najua hukukusudia, na ndilo linalonichoma. Tangu Baba aondoke, kila swali likiingia nyumba hii linaruka juu ya kichwa cha Mama na kutua kwako, eti wewe ndiye mwanamume wa kwanza. Alipokuwa na sauti alilidaka njiani. Sasa hawezi kulidaka, nasi tukachukulia kwamba amekubali.

Nisalimie wifi sana. Wale wawili waambie shangazi yao anawakumbuka, na huyo wa kifua asitembee bila soksi. Fundi cherehani jirani yetu anakusalimu, anasema suruali yako bado anayo. Mungu akukinge na baridi ya huko na akupe kazi isiyokuchosha moyo. Naomba hayo kwa dhati, hata na hasira zangu zote.

Jambo moja limebaki. Ijumaa nilikwenda na Mama hospitali. Daktari alikuwa anasubiri simu yako kuhusu upasuaji wa pili, maana kwenye faili, mahali pa mtu wa kuulizwa, palikuwa na namba yako. Nimeifutisha. Wakataka kuandika yangu, nikakataa, ikaandikwa ya Mama. Daktari akasogeza kiti, akamgeukia, wakaandikiana mpaka wagonjwa wa nje wakaanza kunung'unika. Mama ameshaamua, na ameweka sahihi. Ukitaka kujua ameamua nini, mwandikie yeye.

Wako akupendaye,
Mdogo wako.