Jina Ulilonipa Ukitoka Vitani

Mpendwa baba,

Shikamoo. Huku Misigiri tumemaliza kuvuna alizeti. Na yule ofisa aliyeamuru watu wauawe kule mpakani, kwenye vijiji vya ziwani, wakati wa vita, hatimaye amefikishwa mahakamani Ulaya. Amezeeka, anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Wewe ulishatangulia.

Nakumbuka siku moja tukipiga alizeti uwanjani, nikakulilia kwamba shuleni wananiita mkimbizi kwa sababu ya jina langu la kule ziwani. Bibi naye hakukusamehe. Mimi, mjukuu wake wa kwanza, nilipaswa kubeba jina la marehemu mama yake bibi, lisipotee. Uliweka fimbo chini.

"Mwanangu, kile kijiji tulifika tumechelewa. Mama mmoja alikuwa amempakata binti yake aliyeuawa, anamwita tu kwa jina. Sikujua hata kusema pole kwa lugha yao. Jina ndilo nililoweza kulibeba."

Sikulilia tena jina, ingawa mkimbizi waliendelea kuniita.

Kila sherehe ya mashujaa walikuita wilayani, wakakupa soda na kiti cha mbele. Hakuna aliyekuuliza uliona nini. Ulirudi ukisema, "Labda mwakani." Hilo linaniuma, baba, kuliko hata siku tuliyokuzika.

Sasa ndiyo waandishi wanakuja na magari yao. Walitaka kupiga picha gwanda lako. Nikawaambia ulilivaa ukilima mpaka likaisha. Wakaniunganisha kwa simu na mwanasheria wa kesi, nikamweleza habari za yule binti na jina lake. Akasema kwa upole, "Pole sana, mama. Lakini hayo uliambiwa. Mahakama inamtaka aliyeona, na mama wa mtoto hatukumpata." Aliyeona! Miaka yote hiyo ulikuwa hapa hapa shambani, baba, mtu wa kuitwa tu.

Jana redio ilisoma orodha ya waliouawa. Majina mengi. Kisha: "Na mtoto wa kike, jina halijulikani." Nilikuwa napepeta mahindi. Nikajikuta nimeitika, "Abee!" Wajukuu zako wakacheka sana, na mimi nikalia mbele yao.

Mahakama haiwezi kuliandika jina lake, basi naliandika mimi hapa gazetini, kila mtu alisome. Huenda yuko mtu kule ziwani bado anamtafuta.

Pumzika, baba. Mzigo wako ninao mimi.

Mwanao,
Kemigisha