Koti Jeusi la Mzee Hamduni

Musoma,
Septemba 1988

Mdogo wangu mpenzi Boke,

Salamu za nyumbani zikufikie huko Dodoma pamoja na shemeji na watoto. Sisi hatujambo. Mama kifua kimemwacha, anakwenda shambani mwenyewe. Anauliza kama mtoto ameota meno, na kama ugali wako bado una madonge.

Unakumbuka ombi lake baada ya kumzika baba: apelekwe Tanga, akaone pale baba aliposimama kwenye ile picha unayoitunza. Meli nyeupe nyuma, mnazi kushoto, yeye kulia ndani ya koti jeusi lenye kifungo kimoja cheupe. Picha hiyo ndiyo iliyotulea miaka ya foleni. Sukari ikikosekana, mama aliwaambia majirani mume wake yuko Tanga, na picha ikatolewa kushuhudia.

Nilikwisha omba likizo na kuulizia treni. Ndipo gazeti likanituma kwa mzee Hamduni, mpiga picha wa hapa mjini, niandike juu ya mapazia ya rangi ya kupigia picha yanayotoka nje tangu biashara ifunguliwe. Lake la zamani, alilolichora mwenyewe, lilikuwa limekunjwa mlangoni, likingoja wauza dagaa walichukue wakaanikie. Nikamwomba alikunjue. Meli nyeupe. Mnazi kushoto. Kwenye msumari pembeni lilining'inia koti jeusi, kifungo kimoja cheupe.

Hamduni alinieleza kwamba miaka ile nguo hazikuwepo madukani, hivyo kila mwanaume aliyetaka picha ya heshima aliazimwa koti hilo. Hamduni alimkumbuka baba vizuri. Baba alikuja kupanda meli ya Mwanza aende Tanga kwenye mashamba ya mkonge, lakini meli ilikosa mafuta. Kwa kuwa ukoo mzima ulikuwa umemsindikiza, aliona aibu kurudi mikono mitupu. Akabaki hapa hapa kulinda ghala la pamba, na picha akampa dereva wa lori ailete nyumbani Butiama. Zile habari za papa na mabaharia Wagiriki alizotusimulia, Boke, alizisikia kwa wapakuaji mizigo.

Nimeripoti ajali na njaa bila kusita. Safari hii nilifika nyumbani nikanywa uji wote, nikasifu mbuzi, nikauliza habari za mvua, ndipo nikasema. Niliona kama namnyang'anya mama mume mara ya pili.

Mama hakuacha kupepeta mtama. Akasema, "Koti lile jirani yetu Kasmiri alipigwa picha nalo siku ya harusi yake, hapo hapo Musoma. Na kifungo chake hicho hicho. Mimi nilikuwa najuaga tangu picha inafika."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia baba. Akajibu kwamba mwanaume akirudi amechoka, humuulizi bahari ina rangi gani. Na kwetu je, kwa nini kusema Tanga? Angesema Musoma, baba angeumbuka mbele ya wanawe. Basi kwa nini aliomba apelekwe Tanga? "Wewe nilijua utaulizauliza tu mpaka upajue aliposimama," akasema. "Si ndiyo kazi yako?" Kisha akataka kujua kama pazia bado lipo.

Jumamosi tuliwahi kabla ya wauza dagaa. Hamduni alimwonyesha pazia jipya lenye ndege na maghorofa. Mama akasema hamjui mtu huko. Akasimama kushoto, chini ya mnazi. Hamduni akamsihi asogee kulia, picha ikae sawa. Mama akakataa. "Hapo pana mtu," akamwambia.

Hamduni akarudi nyuma ya kamera. Alipiga.

Picha hiyo nimeiweka ndani ya bahasha hii. Itundike pamoja na ile ya baba, ya mama ikae kushoto, uone wanavyosimama pamoja mbele ya meli. Watoto wakiuliza, mama anasema uwaambie babu na bibi walikuwa Tanga.

Msalimie shemeji sana. Mama anakuombea, nami nakukumbuka kila nipitapo gatini.

Ni mimi kaka yako,
Apolinary