Sweta Inayonuka Paka

Ndanu, wacha chochote unachofanya usome hii. Dada yangu Kavinya amerudi kutoka kazini na kisa cha kutisha.

Si unajua analisha panya kwa ile maabara ya moyo? Wale wamebadilishwa jeni, mioyo yao ikawekewa vipokezi vya adrenalini kupita kiasi. Yaani wakishtuka kidogo tu, moyo unakimbia kama gari limekosa breki.

Sasa leo kulikuwa na baridi, akavaa sweta yake ndani ya koti la kazi. Hairuhusiwi, na anajua. Kuingia tu, mapigo yao kwa skrini yakaruka. Daktari anayeongoza utafiti akamwambia atoke. Akatoka, yakashuka. Akamwambia aingie tena. Yakaruka tena.

AINGIE TENA, Ndanu!

Wakaanza kuanguka na kufa, mmoja baada ya mwingine. Panya wa kawaida, wale hawajabadilishwa, walijikunyata tu kwa kona.

Ndio Kavinya akakumbuka paka wetu hulala juu ya hiyo sweta. Panya walikuwa wananusa paka! Akasema ukweli huku analia, akijua kazi imeisha.

Daktari hata hakukasirika. Alitabasamu, manze. Akamwambia, "Kesho uje nayo. Na usiifue."

Nikamuuliza, si utakataa? Akavua viatu tu. Nikaitupa hiyo sweta kwa karai, nikatoka kuchota maji niiloweke.

Nimerudi saa hii. Ameitoa, ameitandika kitini, na amemweka paka juu yake.

Ndanu, anambembeleza alale.