Lumbesa ya Maganda

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mkutano wa usafi, uwanja wa shule ya nasari. Mtaa wote wa Majengo tulikuwa pale. Nyamu, mwenyekiti wa kikundi kinachotuzolea taka, ametangaza ada ya mwezi imekwisha. Sasa kila gunia na stika yake, na stika unanunua. Taka kidogo, unalipa kidogo. Nikapiga makofi kuliko wote — mimi mwenye hoteli ya viazi karai, mwenye maganda kushinda mtaa mzima! Sijui nilishangilia nini. Labda kiti kilikuwa kinaniuma, nikataka sababu ya kusimama.

Alhamisi, 6 Februari
Nimejaribu, wallahi. Maganda huku, jivu huku, plastiki kule. Karambu, jirani yangu wa mboga, akasema nimpe maganda yote bure, nguruwe wake watashukuru. Nikamwambia wateja wakisikia viazi vya Mwanatatu vikitajwa pamoja na nguruwe, nafunga hoteli. Akacheka mpaka akaketi chini. Basi tafuta mbuzi Mwislamu, akasema. Nimetafuta. Mbuzi wa mtaa huu wameshiba makaratasi.

Jumanne, 11 Februari
Stika zinakula faida yote ya chai. Kasim, mume wangu, ametazama magunia yangu, akatafuta sindano na kipande cha neti. Huyo alibeba viazi kutoka Kibirichia kwa lori enzi zake, anajua kushona gunia lizidi mdomo. Gunia likavishwa kilemba cha neti, likapanda mpaka kifuani kwangu — na mimi si mfupi, ni mpana tu. Lumbesa kabisa! Gunia moja, stika moja. Anasema stika haikuandikwa gunia liishie wapi. Nimeshinda nikimwita wakili.

Ijumaa, 14 Februari
Mtaa mzima umetuiga. Kila mlango lumbesa. Nyamu anajisifu kwamba stika zinanunuliwa chache, kwa hivyo taka zimepungua. Hazijapungua. Ziko mgongoni mwa Riungu. Yeye ndiye hutoa magunia vichochoroni, kwa mgongo, mpaka kwa mkokoteni barabarani, na hulipwa kwa kila stika. Mzigo ni uleule, mshahara nusu. Leo ameniongelesha polepole.
“Mama, usinishonee hivi. Hii ni gunia mbili.”
Nikampa chai na viazi, nikamtania ana mgongo wa fahali. Akacheka. Lakini chai aliinywa amesimama. Kukaa kunamuuma.

Jumatatu, 17 Februari
Jioni nilichukua wembe nikate kile kilemba. Nikaushika. Nikafikiria stika ya pili, nikafikiria unga wa chapati. Nikauweka chini. Halafu, kwa vile lumbesa ilikuwa bado na nafasi, nikaongeza ndani jivu la jiko la wiki nzima. Bado limelowa, nilikuwa nimelimwagia maji kuzima makaa. Nikashona. Mshono wangu mzuri, Kasim alisema.

Jumanne, 18 Februari
Riungu ameanguka mtaroni. Gunia langu ndilo lililomlalia. Wanaume wanne kulitoa. Hawezi kusogeza miguu.
Siwezi kuandika.

Ijumaa, 21 Februari
Hospitali. Nimekuja na uji. Miguu ya Riungu bado. Njia yote nilikariri maneno ya kumwambia, yalikuwa mazuri hata. Nilipofika kitandani akanitangulia kusema.
“Mama, pole. Niliangusha gunia yako. Nikitoka hapa nitakuja niimalize.”
Nikamkorogea uji ambao ulikuwa umeshakorogwa. 
Nikatoka nje. Mkewe akanifuata. Mwanamke mpole, nilikuwa sijawahi kumsikia sauti. Akauliza kama maganda huwa mazito namna hiyo. Nikasema ndiyo, huwa na maji. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema jana alifua shati alilokuwa amevaa bwana yake siku ile ya kuanguka.
“Lilitoa jivu,” akasema. “Nimebadilisha maji mara nyingi. Bado linatoa jivu.”
Nimetoa hiki kijidaftari mkobani, najifanya naandika bei ya dawa. Yuko papa hapa kwenye benchi, bega lake limegusa langu. Hajauliza kitu kingine. Anangoja nimalize kuandika.